Farasi wa pwani: Mnyama aliyetukuzwa kwa maneno ilhali hakupata zizi

NI nadra kumpata mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe aliyewahi kufuga farasi. Mnyama huyu haonekani katika mashamba ya minazi, hakokoti gari barabarani, wala hana mnada wake kama walivyo mbuzi na ng'ombe.

Hata hivyo, ni nadra vilevile kumpata mkazi wa sehemu hizo asiyemjua farasi. Humsikia madrasani angali mtoto, humtaja katika methali, hukutana naye katika tenzi, na hutumia jina la vifaa vyake kila anapozungumzia siasa.

Swali linalozuka ni hili: Imekuwaje jamii ambayo haikuwa na farasi ikampa mnyama huyu heshima kubwa kiasi hicho? Na je, heshima hiyo ina funzo gani kuhusu wale ambao kwa hakika waliibeba mizigo ya Mombasa?

Sifa zake duniani

Farasi ni miongoni mwa wanyama wa kwanza kuchorwa na binadamu. Katika pango la Lascaux nchini Ufaransa, ambalo michoro yake inakadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 17,000, farasi ndiye mnyama aliyechorwa mara nyingi kuliko wengine wote.

Wakati huo alikuwa windo tu. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa farasi wa kufugwa wa leo wana asili yao katika nyika zilizo kati ya mito Volga na Don, nchini Urusi, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Tangu hapo, farasi akawa alama ya mambo matatu: kasi, ushujaa na utawala. Mfalme aliyetaka kukumbukwa alichongewa sanamu akiwa juu ya farasi, nayo majeshi yalihesabu nguvu zake kwa idadi ya wapanda farasi.

Katika ulimwengu wa Kiislamu, mchoraji Yahya al-Wasiti wa Iraki aliipamba nakala ya Makamati ya al-Hariri mwaka 1237 kwa picha ya wapanda farasi walioshika bendera. Hadi leo picha hiyo huhesabiwa kuwa mojawapo ya kazi bora za uchoraji wa Kiarabu.

Karibu nasi, Wasomali wana hazina kubwa ya mashairi ya kumsifu farasi. Sayyid Mohamed Abdille Hassan, aliyepigana na Waingereza hadi kufariki kwake mwaka 1920, alitunga shairi mashuhuri kumhusu farasi wake Hiin Finiin, na jijini Mogadishu alijengewa sanamu akiwa juu ya farasi.

Kwa nini hakustawi

Farasi basi alifika kaskazini mwa pwani yetu. Kilichomzuia kustawi Mombasa si uvivu wa watu wala ufukara wao, bali ni wadudu.

Wa kwanza ni mbung'o, ambaye humwambukiza mnyama vijidudu vya nagana. Farasi aliyeambukizwa hukonda, huishiwa na damu na mara nyingi hufa. Misitu na vichaka vilivyo nyuma ya Likoni, kuelekea Shimba Hills, ni makao ya mbung'o hadi sasa.

Wa pili ni visubi, wadudu wadogo wapendao mahali penye joto na unyevu. Hawa hueneza maradhi ya farasi ya Kiafrika, ambayo huweza kumuua farasi katika siku chache baada ya dalili kuonekana.

Ushahidi wa hali hii ni wa kale. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyepita katika bahari yetu mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba Wazanji hawakuwa na farasi wala ngamia, bali waliwatandika ng'ombe na kuwapanda.

Kwa hiyo, mtu wa Mvita aliyekuwa na shamba Kisauni au Likoni alikwenda kwa miguu, kwa mtumbwi au kwa punda. Safari ya mbali aliifanya kwa jahazi.

Lugha yatoa ushahidi

Historia hiyo imehifadhiwa ndani ya Kiswahili chenyewe. Punda ni neno la Kibantu. Ni mnyama aliyezoeleka kiasi cha kumpa jina lake jamaa yake wa porini, punda milia. Farasi, kwa upande wake, ni neno la Kiarabu.

Vifaa vyake pia vilisafiri pamoja na jina lake. Seruji, yaani tandiko la kukalia mgongoni. Lijamu, yaani chuma kinachotiwa kinywani. Na hatamu, yaani kamba ya kumwongozea, yote ni maneno yaliyotoka Uarabuni.

Lakini wenyeji hawakupokea kila kitu kama kilivyokuja. Pale mpandaji anapotia mguu, wao walipaita kikuku, jina lilelile la pambo la chuma linalovaliwa mkononi au mguuni. Waliona umbo wanalolijua wakalipa jina walilolizoea.

Maneno haya yameendelea kuishi hata pasipo mnyama mwenyewe. Magazeti huandika kuwa kiongozi fulani ameshika hatamu za nchi. Nchini Tanzania, msemo wa chama kushika hatamu ulikuwa maarufu katika zama za chama kimoja. Wengi wanaousema msemo huo hawajapata kuishika hatamu yenyewe.

Fundi wa magari huipima injini kwa nguvu za farasi. Mchezaji wa sataranji humsogeza farasi wake akiruka juu ya vikosi vya adui. Na mzee anapomwonya kijana anayetumikia mabwana wawili humwambia kuwa mpanda farasi wawili hupasuka msamba.

Methali hiyo yastahili kutazamwa vyema. Farasi humo si mnyama wa shambani. Ni kipimo cha tamaa. Aliyeitunga hakuhitaji kuwa na zizi ili aeleweke.

Farasi wa madrasani

Kwa mtoto wa Kiislamu wa bara la Mombasa, farasi wa kwanza hukutana naye chuoni. Sura ya 100 ya Kurani, Al-Adiyat, ni miongoni mwa sura fupi zinazohifadhiwa mapema, nayo huanza kwa kiapo cha farasi waendao mbio alfajiri huku kwato zao zikitoa cheche.

Hivyo mtoto huyo huisikia pumzi ya farasi na huiona cheche ya ukwato wake kabla hajamwona farasi kwa macho. Picha hujengwa na sauti ya mwalimu.

Baadaye humsikia Buraki, mnyama mweupe ambaye kwa mujibu wa mapokeo alimchukua Mtume katika safari ya usiku hadi Jerusalemu. Kisa hicho husimuliwa katika usiku wa Miraji, tarehe 27 Rajabu, na kimetungiwa tenzi za Kiswahili.

Yafaa ikumbukwe kuwa Buraki si farasi. Husemwa kuwa ni mkubwa kuliko punda na mdogo kuliko nyumbu. Katika nchi nyingine wachoraji wamempa mbawa na kiwiliwili cha farasi. Huku kwetu alibaki katika maneno.

Miongoni mwa Mashia, hasa wenye asili ya Kihindi, yuko farasi mwingine: Dhuljanah, aliyepandwa na Imamu Hussein katika vita vya Karbala mwaka 680. Desturi yao ni kumwongoza farasi aliyetandikwa, asiye na mtu mgongoni, katika maandamano ya Muharram.

Hapo uzuri wa farasi hauko katika kasi bali katika huzuni. Tandiko tupu linasimulia kifo cha mwenye farasi bila ya kutamka neno.

Katika tenzi za vita

Watunzi wa tenzi ndio waliompa farasi malisho yake makubwa zaidi. Utenzi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali, uliotungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate, una hati ya mwaka 1728 na huhesabiwa miongoni mwa tenzi kongwe zilizosalia.

Utenzi huo wasimulia vita vya Waislamu dhidi ya jeshi la mfalme wa Rumi. Mtunzi na wasikilizaji wake walikuwa watu wa visiwani, waliozoea tanga na nanga. Hata hivyo, waliingia katika medani ya farasi, panga na mikuki kana kwamba waliwahi kuwapo.

Karne iliyofuata ulitungwa Utenzi wa Ras al-Ghuli wa Mgeni bin Faqihi, ambao ni mmojawapo wa tenzi ndefu mno katika lugha yetu. Humo pia mashujaa hupanda, hukimbiza na huanguka.

Kwa nini watu wa bahari walipenda visa vya farasi? Jibu moja ni imani: hivyo vilikuwa visa vya dini yao. Jibu la pili ni la kifasihi: farasi humfanya shujaa aonekane. Mtu anayekwenda kwa miguu hupotea katika umati, bali aliye juu ya farasi huonekana na jeshi zima.

Liko jibu la tatu, nalo ni la pwani yenyewe. Mswahili hupanda farasi na hupanda chombo. Kitenzi ni kimoja. Mtepe, jahazi la kale lililoshonwa kwa kamba za minazi, ulikuwa na kichwa kwenye omo ambacho wenyeji walikifananisha na ngamia wa Mtume. Chombo kilikuwa mnyama wa kupandwa, na bahari ndiyo jangwa lake.

Kwa nini hakuchongwa

Msomaji anaweza kuuliza: Ikiwa farasi alipendwa hivyo, iko wapi sanamu yake? Ziko wapi picha zake?

Mafundi wa milango ya Kiswahili walichonga maua, majani, minyororo na maandishi. Kwa kuwa sanaa ya Kiislamu katika sehemu nyingi ilijiepusha na sura za viumbe, mlango haukuwa mahali pa farasi.

Wagiriama nao huchonga vigango kwa ajili ya wazee waliofariki wa chama cha Gohu. Kigango humwakilisha mtu, na mapambo yake ni pembetatu na mistari. Farasi hayumo, kwa kuwa hakuwamo katika maisha ya wazee hao.

Huko Changamwe, katika barabara ya Port Reitz, kuna chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilichoundwa mwaka 1963. Sanaa hiyo ilianza kuenea Ukambani baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na Mutisya Munge ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake, baada ya kujifunza kwa Wamakonde.

Mikono ya wachongaji hao imetoa tembo, twiga, vifaru, simba na punda milia wasiohesabika, kwa mpingo, muhugu na baadaye mwarobaini. Farasi si mnyama wa soko lao. Mtalii atokaye Ulaya amewaacha farasi kwao. Alichokuja kukitafuta ni twiga.

Kwa hiyo sanaa ya farasi katika sehemu zetu ilikuwa ya sikio, si ya jicho. Haikutundikwa ukutani, ilighaniwa.

Farasi wa masultani

Wako waliomwona farasi wa kweli, nao walikuwa wakubwa. Sayyid Said bin Sultan, aliyewashinda Wamazrui na kuitwaa Mombasa mwaka 1837, alikuwa na farasi wa Kiarabu huko Unguja. Binti yake, Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, aeleza jinsi watoto wa jumba la kifalme walivyofunzwa kupanda farasi wangali wadogo.

Farasi huyo alikuwa pia balozi. Mwaka 1840 merikebu ya Sultana ilifika New York ikiwa na zawadi za Sayyid Said kwa Rais Martin Van Buren, miongoni mwazo farasi wawili wa Kiarabu. Kwa kuwa sheria ya Marekani haikumruhusu rais kujichukulia zawadi hizo, farasi wale waliuzwa.

Nchini Oman, ambako wako wengi wanaozungumza Kiswahili, heshima hiyo ingaliko. Ardha ya farasi na ngamia, ambayo ni maonyesho ya upandaji yanayoambatana na mashairi, iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2018.

Hata hivyo, ni vyema kukumbuka kuwa katika enzi za masultani hao mashamba ya pwani yalilimwa na watumwa. Mmoja alikuwa juu ya farasi. Mamia walikuwa chini ya mzigo.

Mabega ya watu

Hapo ndipo ilipo historia ambayo sifa za farasi zimeificha. Mahali ambapo mnyama hakuweza kuishi, binadamu alifanywa mnyama wa kubeba.

Misafara iliyoelekea bara ilitegemea mabega ya wapagazi. Ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa mwaka 1896, nyumbu, punda, ngamia na ng'ombe wa kukokota waliletwa, na wengi wao wakafa kwa maradhi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, wakubwa kisiwani Mombasa walisafiri kwa vigari vilivyotembea juu ya reli nyembamba kati ya Kilindini na mjini. Mahali pengine vigari kama hivyo vingekokotwa na farasi. Mombasa vilisukumwa na watu.

Mwaka 1916 askari wapanda farasi kutoka Afrika Kusini walishuka Mombasa ili kupigana na Wajerumani. Farasi wao walikufa kwa maelfu katika nyika zenye mbung'o, na kila mnyama alipoanguka, mzigo wake ulihamia kichwani mwa Mwafrika.

Wapagazi waliokufa katika vita hivyo ni makumi ya maelfu. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Katika mnara wa kumbukumbu ulio barabara ya Kenyatta jijini Nairobi zimesimama sanamu tatu za shaba. Wote wanaume watatu wako kwa miguu, na mpagazi yumo.

Yaelekea huo ndio mnara wa kweli zaidi. Haukumpandisha mtu juu ya farasi ambaye hakuwapo.

Ndugu zake wawili

Farasi ana ndugu wawili waliofaulu pale aliposhindwa yeye. Wa kwanza ni punda milia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, farasi waliovishwa mavazi yenye milia walituliwa na nzi wachache kuliko wenzao waliovishwa ya rangi moja. Wanasayansi wengi sasa huamini kuwa milia hiyo ni kinga dhidi ya wadudu wanaouma.

Pambo ambalo mchongaji wa Changamwe hulichora kwa uangalifu mgongoni mwa kinyago chake huenda basi ndilo silaha iliyomwezesha mnyama huyo kuishi mahali ambapo farasi hukata roho.

Wa pili ni punda, ambaye hustahimili maradhi ya farasi ya Kiafrika kuliko farasi mwenyewe. Huyu ndiye avutaye magari ya maji na mizigo katika mitaa ya bara la Mombasa. Lakini hakupata utenzi. Alichopata ni methali isemayo punda afe mzigo ufike, na nyingine isemayo shukrani ya punda ni mateke.

Madhila yake hayakuishia kwenye methali. Biashara ya ngozi za punda kwa soko la China ilipozidi, serikali ya Kenya ilipiga marufuku uchinjaji wao mwaka 2020, na Mahakama Kuu ikabatilisha marufuku hiyo mwaka 2021. Mwaka 2024, Umoja wa Afrika ulipitisha katazo la miaka 15 dhidi ya biashara hiyo barani kote.

Kenya inayo pia Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, ambayo humlinda mnyama dhidi ya kipigo na mzigo uliopita kiasi. Sheria hiyo haibagui kati ya farasi aliyetandikwa vyema na punda mwenye kidonda mgongoni.

Siku hizi mgeni anaweza kuwakuta ngamia, na mara nyingine farasi, wakikodishwa kwa matembezi na picha katika fuo za Nyali na Bamburi. Watoto wa Kisauni huwakimbilia kwa furaha, nao wana haki, kwani uzuri wa mnyama huyo haukanushiki: shingo iliyosimama, miguu myembamba, na manyoya yanayocheza na upepo wa bahari.

Furaha hiyo ingeongezeka iwapo watoto hao wangefunzwa pia tenzi zilizomtunza farasi huyo kwa karne kadhaa, pamoja na majina ya seruji, lijamu na hatamu, ili wanaposikia kiongozi ameshika hatamu wajue kuwa upande wa pili wa kamba ile kuna kiumbe anayeongozwa.

Aidha, wangefunzwa kumtazama hamali anayesukuma mkokoteni kupanda mteremko wa feri ya Likoni, na punda anayengoja nje ya kibanda cha maji. Farasi alipewa sifa. Kazi ilifanywa na hawa.